Hewa ya Barazani

Kilichomzuia Inspekta asishuke shimoni ni nzi.

Walikuwa wamelala chini mamia kwa mamia, wametanda juu ya tope kama majani ya chai yaliyomwagwa. Nzi hafi penye uvundo, ndipo anaponenepea. Na uvundo ulikuwepo wa kutosha na wa kubakiza. Kando ya shimo lilikaa rundo la takataka zilizotolewa ndani ya bomba la kisima: magunia yaliyooza, suruali ya kazi yenye mguu mmoja, gogo lililolowa mafuta meusi, na kitu chenye manyoya ambacho Dereva alikigeuza kwa fimbo, kisha akajuta.

"Paka," alisema.

"Alikuwa paka," Inspekta akamsahihisha, akajifuta mikono kwenye sketi ingawa hakuwa amegusa kitu.

Hiki kilikuwa kisima namba nne. Miaka arobaini nyuma watu walichimba hapa wakitafuta mafuta, wakakosa, wakaenda zao. Baadaye wakaja wengine, wakaona kwamba mawe ya chini kabisa, zaidi ya kilomita moja, yanafaa kufungia hewa ukaa ya kiwanda cha saruji, ile inayochafua anga. Watu wakaiita kampuni yao Ghala la Hewa. Miaka kumi na moja Ghala liliisukuma hewa hiyo chini. Miaka sita hii ya mwisho lilikuwa limeacha kusukuma na linapima tu kama kuna inayotoroka. Kisima kikuukuu kama hiki ni tundu kwenye paa la ghala hilo, ndiyo maana lazima kizibwe. Inspekta alikuwa na nakala ya cheti cha kuziba mkobani. Kiliandikwa: saruji, mita sitini.

"Ndiyo saruji yenyewe hii?" Dereva aliuliza, akilipiga gogo teke.

Jana Jumatano asubuhi, ndani ya shimo hili la matofali linalozunguka mdomo wa kisima, kina cha mtu mmoja na nusu, alikutwa Chupa. Ndivyo walivyomwita, maana kazi yake ilikuwa kukusanya chupa za hewa ya kupimwa. Alilala kifudifudi, ana uvimbe kwenye paji la uso, na ubavuni mwake iko spana ya mdogo wake, Fundi Bomba. Fundi Bomba naye alionekana akikimbia kutoka huko huku anatapika. Kabla ya adhuhuri alikuwa selo. Leo saa kumi alasiri angesomewa shitaka la kuua.

Mama yao alikaa juu ya jiwe hatua kumi na tano kutoka hapo, na hakuna askari aliyethubutu kumwondoa.

"Nilizaa wawili," alimwambia Inspekta walipofika. "Mmoja mmemtia kwenye jokofu, mmoja kwenye selo. Leo mnakuja kufagia, au?"

Dereva aliweka mguu kwenye ngazi ya chuma ya shimo. Inspekta akamdaka mkanda wa suruali kwa nyuma.

"Rudi."

"Afande, nachungulia tu."

"Chungulia nzi kwanza."

Dereva alichungulia nzi. Akarudi bila kubishana, akaenda garini, akaleta mshumaa, kopo na kamba. Alikuwa amebakiza miezi mitano astaafu, na akiingiwa na hofu hutega vitendawili.

"Kitendawili," alisema, akiwasha.

"Tega."

"Mgeni wangu hana rangi wala harufu. Akiingia yeye, natoka mimi."

Inspekta aliinama akalishusha kopo taratibu. Moto ulikuwa umesimama vizuri, mrefu, hauna wasiwasi. Ulipofika usawa wa kidaraja cha nne cha ngazi ulijikunja, ukafa. Haukuyumba kama unaopulizwa, ulikata kama mtu aliyebanwa pua. Wakavuta, wakawasha, wakashusha tena. Mara tatu, na mara zote tatu kidaraja cha nne. Alipoinuka, Inspekta alikuwa na ukali mdomoni kama aliyelamba betri. Akatema pembeni.

"Taa," alisema. "Jibu ni taa."

"Au Chupa," akasema Dereva, na hakucheka.

Mwendesha mashtaka, kwenye simu, ndiye aliyecheka. "Mshumaa, Inspekta? Upepo nao unazima mishumaa. Mimi nina faili la Ghala hapa mezani, miaka sita ya vipimo, hakuna hata chembe iliyovuja. Nikupe mahakama ipi itakayochukua kopo lako iache maabara? Una spana, una ugomvi, una mtu aliyekimbia."

"Faili likiwa la uongo?"

"Nionyeshe kabla ya saa kumi."

Inspekta alikwenda akachuchumaa mbele ya yule mama. "Mama, Jumatatu wanao waligombania nini?"

"Kuku."

"Kuku wa nani?"

"Wangu. Banda lao liko nyuma ya nyumba, chini kabisa ya bonde. Wanakufa mmoja mmoja, hawana kideri, hawana nini, wanalala tu hawaamki. Mdogo akasema Mama ahame bondeni leo leo. Mkubwa akasema chupa zake hazijawahi kuonyesha kitu, asimtie mama kiwewe. Wakashikana mashati hapo uani, majirani wakapata sinema."

"Halafu?"

"Halafu mkubwa akaenda kukaa bandani peke yake. Muda mrefu. Jumanne akaondoka mapema, hata maji hakunywa."

"Nyumba za bondeni ziko ngapi?"

"Thelathini na moja. Yangu ya pili kutoka chini."

Kabla ya kuondoka Inspekta alipiga picha vitu viwili ambavyo hakuna aliyevitaja kwenye ripoti ya jana: mifuko miwili ya saruji, mipya, haijafunguliwa, imeegemezwa ukutani mwa shimo.

*

Ofisi ya Meneja wa Ghala ilinukia waridi la kopo. Mlangoni alimsukumia Inspekta boksi la tishu.

"Viatu, tafadhali. Zulia jipya hilo. Saa sita tunasaini makabidhiano na watu wa serikali."

Inspekta alifuta viatu. Tishu zilitoka nyeusi, zimeshika unywele wa yule paka. Ndoo ya taka haikuwepo, chumba kilikuwa safi mno kuwa na ndoo, basi akazikunja akazitia mfukoni.

Meneja alirudi kitini akaendelea na alichokuwa akifanya. Alikuwa anakata kucha. Vipande viliruka vikatua juu ya barua ya rambirambi iliyokuwa ikimngoja aisaini.

"Pole kwa msiba," alisema Inspekta.

"Ahsante. Pengo kubwa." Kach. "Kijana mtiifu yule."

"Jana alikwenda kufanya nini kisimani?"

"Ndiyo nami najiuliza. Hakuwa zamu. Mambo ya kifamilia, nadhani. Mdogo wake ana hasira, mnamjua."

"Mfuniko wa kisima ulifunguliwa nati zote nane. Spana ile ndiyo saizi yake."

"Basi alifungua, akapigwa."

"Na matambara?"

"Matambara gani?"

"Yaliyowekwa mahali pa saruji."

Mkasi ukasimama. "Cheti unacho?"

"Ninacho."

"Kinasemaje?"

"Mita sitini."

"Basi." Kach. Kipande cha kucha kiliruka kikatumbukia kwenye glasi ya maji aliyowekewa Inspekta, kikaelea. Meneja alikiona. Hakubadilisha glasi.

Akavuta faili nene kutoka rafuni, akalipapasa kama mtu anayempapasa ng'ombe wa maziwa. "Mashimo ya kupimia kumi na mawili, kila mwezi, miaka sita. Chupa mia nane sitini na nne, zote safi. Chukua nakala, soma ulale. Hewa yetu itakaa chini miaka elfu kumi."

"Nani kahesabu?"

"Kompyuta."

"Na ikitoka mwaka wa kumi na nane?"

"Saa sita nikishasaini, inakuwa ya serikali." Alitabasamu kwa meno yote. "Utaniuliza mimi? Utajiuliza mwenyewe."

*

Maabara ilikuwa chumba kimoja nyuma ya chuo cha ufundi, yapata mwendo wa saa nzima kwa gari. Aliyeiendesha, Mama Maabara, alijitetea kabla hajashitakiwa.

"Sisi tunapima kinacholetwa, dada. Hatuchimbi, hatufungui visima. Chupa inakuja na lebo, tunapima, majibu yanakwenda."

"Nieleze kama unamweleza bibi yako."

"Mashine inatafuta hewa ukaa katika kila sehemu elfu kumi za hewa. Hii tunayovuta mimi na wewe inasoma nne. Nne na kidogo."

"Chupa za Ghala?"

Mama Maabara alipitisha kidole kwenye faili. "Nne. Nne na kidogo. Nne. Nne."

"Mashimo yote kumi na mawili."

"Ndiyo."

"Mvua na kiangazi."

Mama Maabara akaanza kupanga kalamu zake, nyeusi na nyeusi, bluu na bluu.

"Hewa hiyo inavutwa ndani ya udongo, sivyo? Kwa mrija, kina cha mita moja," alisema Inspekta.

"Ndivyo inavyotakiwa."

"Basi nivutie chupa moja hapo nje, chini ya maua yako."

Walitoka. Mama Maabara alichomeka mrija mrefu wa chuma kwenye bustani, akavuta kwa bomba la sindano, akajaza chupa, akafunga. Ndani, mashine ilinguruma kidogo ikatoa namba: mia moja na kumi na mbili.

"Kuna kisima chini ya maua?"

"Hakuna."

"Kuna ghala la hewa?"

"Hakuna, dada. Ni udongo tu. Mizizi inapumua, wadudu wanapumua, majani yanaoza. Udongo wote unapumua, na mvua ikinyesha ndiyo kabisa."

"Kwa hiyo udongo unaosoma nne..."

"Haupo."

Inspekta alilifunga faili. Aliyezijaza zile chupa alidhani safi maana yake ni kutokuwa na kitu, akaleta usafi ambao ardhi haijawahi kuwa nao tangu iwe ardhi.

"Basi hizi mia nane sitini na nne ni nini?"

"Ni hewa ya nje. Zimefunguliwa mahali penye upepo, zikafungwa."

"Umejua lini?"

"Mwezi wa pili."

"Wa mwaka huu?"

Mama Maabara alitazama kalamu. "Mwezi wa pili tangu tuanze."

Mashine ilijizima yenyewe. Inspekta alimwangalia yule mwanamke, koti lake jeupe lililopigwa pasi, kadi ya pongezi ya Ghala iliyobandikwa ukutani, akakisogeza kiti chake nyuma kidogo.

"Hakuna aliyeniuliza," alisema Mama Maabara. "Fomu ina sehemu ya namba. Haina sehemu ya maoni."

"Leo nakuuliza. Mara ya mwisho Chupa alikuja lini?"

"Jumanne. Lakini ile haihesabiki. Alileta chupa moja tu, si siku yake, haina fomu. Ameandika lebo kwa mkono: namba nne. Nikampigia Meneja anitumie fomu. Akasema niiache nisiipime, atakuja kuichukua mwenyewe."

"Saa ngapi ulimpigia?"

"Saa nane mchana. Simu ipo, tazama."

"Na chupa?"

Ilikuwa kabatini, nyuma ya sukari. Inspekta alitaka ipimwe mbele yake. Mama Maabara alisema bila fomu haiwezekani. Inspekta alichukua karatasi nyeupe, akaandika juu kabisa FOMU, akasaini chini, akamsukumia.

Mashine ilichukua muda. Namba ilipotoka, Mama Maabara aliisoma mara mbili, ya pili kwa sauti ndogo.

"Elfu sita."

"Mtu akivuta hiyo?"

"Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, inatuama mashimoni na mabondeni. Pumzi mbili tatu. Magoti yanakatika, unaanguka ulivyo. Anayekuja kukuokoa, akiinama, anaanguka juu yako. Akiwahi kupanda, anatapika."

"Andika hivyo hivyo," Inspekta alisema. "Na kwenye sehemu ya maoni. Ichore kama haipo."

*

Garini Dereva alikuwa na yake ya kusema. Asubuhi, Inspekta alipokuwa kwa Meneja, yeye alikaa benchi moja na mtunza stoo wa Ghala, wakagundua wote wana magoti mabovu, na urafiki ukaanzia hapo.

"Anasema kila mwisho wa mwezi Chupa alikuwa anakaa barazani kwa Meneja na kreti lake. Anafungua chupa, anapunga kidogo, anafunga, anabandika lebo. Kumi na mbili. Meneja anamletea soda. Mashimo yenyewe yameota nyasi, mengine hayana hata njia."

"Miaka sita."

"Miaka sita, soda sabini na mbili. Na hii hapa." Alimpa picha ya ukurasa wa daftari la stoo aliyoipiga kwa simu. Jumatano, saa moja na robo asubuhi. Saruji mifuko miwili, ndoo moja. Kazi: kisima namba nne. Mchukuaji: Chupa. Aliyeidhinisha: sahihi ya Meneja, yenye mkia mrefu.

"Ametoa saruji na ndoo," alisema Inspekta. "Kipima hewa je? Cha kushikwa mkononi. Kampuni kama hii haikosi."

"Nilimuuliza. Wanacho, kiko kabatini, ufunguo anao Meneja. Ila kile ukikiwasha kinajiandika chenyewe, na maandishi yanakwenda moja kwa moja serikalini."

Inspekta alifungua dirisha, akakaa na uso nje mpaka wakafika.

Ilikuwa saa nane na nusu. Ukumbini kwa Ghala wageni walikuwa wameshaondoka, wameacha viti vya vitambaa vyeupe na sahani zenye mifupa ya kuku. Meneja alikuwa peke yake, anachokonoa meno kwa kijiti, kalamu ya kusainia bado mfukoni mwa koti.

"Umechelewa karamu," alisema.

Inspekta alisogeza mifupa kwa ukingo wa faili, akapanga vitu vitatu mezani: majibu ya maabara, rekodi ya simu ya saa nane mchana Jumanne, picha ya daftari la stoo.

Meneja alivisoma. Hakuvigusa.

"Ulisema jana hakuwa zamu," alisema Inspekta.

"Nilisahau."

"Jumanne mchana umeambiwa kuna chupa ya namba nne. Jumatano asubuhi umempeleka namba nne na ndoo. Atoe matambara, amwage saruji, wageni wakipita leo wakute pamezibwa. Kwa nini hukumpa kipima hewa?"

"Angetumia akili yake. Ni mtu mzima."

"Kwa nini hukumpa?"

Meneja alitoa kijiti mdomoni, akakitazama kilichonasa. "Kingeandika."

Dereva, aliyesimama mlangoni, alisema kitu kwa sauti ya chini ambacho hakifai kuandikwa.

"Usinitazame hivyo, Inspekta. Mimi sikuweka yale matambara. Nilikuta cheti kama ulivyokikuta. Na Chupa hakuwa malaika, chupa zile alizijaza kwa mikono yake na soda yangu akanywa. Kisima kilivuja kabla yangu, kitavuja baada yako. Isitoshe, tumeshasaini." Aliipapasa kalamu yake. "Tangu saa sita, namba nne ni yenu."

"Kisima ni chetu tangu saa sita ya leo," alisema Inspekta. "Marehemu ni wako tangu jana. Simama."

*

Saa kumi kasoro dakika ishirini mwendesha mashtaka alisoma karatasi zile zile, akasema jambo moja tu, kwamba heri asingezisoma baada ya kula. Akafuta jina moja kwenye fomu ya mashtaka, akaandika jingine.

Fundi Bomba alitolewa selo akiwa hana mkanda, ameshika suruali kwa mkono. Alinuka jana. Mama yake alimpokea kaunta, akamgeuza huku na huku kama anayekagua nguo iliyorudi kwa dobi.

"Aliazima spana yangu, nikamfuata, nikamkuta ameanguka. Nilishuka, Mama," alisema. "Nilimshika kwapa. Miguu ikakataa. Nikamwacha."

"Ungebaki ningewazika wawili. Funga mkanda." Halafu akamgeukia Inspekta. "Mwanangu mkubwa alidanganya?"

Inspekta angeweza kusema mengi. "Miaka sita, Mama. Jumanne akaacha. Ile ya Jumanne ndiyo iliyomtoa mdogo wake."

Mama alitazama sakafu ya kituo, majivu ya sigara, makamasi yaliyopanguswa ukutani, alama za viatu.

"Na bondeni? Watu watahamishwa lini?"

"Nimeshapeleka taarifa. Kwa kuwa Ghala sasa ni la serikali, itaundwa kamati, halafu itatoka barua kwa kila nyumba."

"Barua."

"Ndivyo walivyoniambia."

Yule mama alitoka hadi kwenye ngazi ya nje, akatema mate pembeni, mbali, kama mtu aliyekuwa ameyatunza mdomoni tangu asubuhi. Akakaza nguo kiunoni. Jua lilikuwa bado juu ya mapaa.

"Afande, gari lenu lina kazi sasa hivi?"

Inspekta alimtazama Dereva. Dereva alikuwa ameshatoa ufunguo mfukoni.

"Halina," alisema Inspekta.

"Basi twende. Tuanze na nyumba ya chini kabisa, kuna mwenye kitoto kichanga pale. Halafu yangu." Akamshika mwanawe mkono wa shati, akamvuta kuelekea garini. "Na wewe, ukifika huko usiiname. Hata ukiona nini, usiiname."